Meno ya Bomba

Tulikuwa na pauni mia sita na kumi na mbili
na senti ambazo Tecwyn husahau kuzihesabu.
Uwanja wetu wa tufe, hapa Nant Hesgen,
ulikuwa umegoma kunywa.
Mvua ya Wales haiji kwa zamu, hukaa kama mgeni asiyeaga,
na maji yakatuama katikati ya nyasi
hadi bata wawili wakahamia
wakatutazama sisi kama wapita njia.

Nilichomeka bisibisi.
Kando ya ua ilizama hadi mpini.
Katikati, kidole kimoja,
kisha: ngo.

Hefin alikuja na kandambili za misumari,
kumi na mitatu kila wayo, kamba za manjano,
bei yake samaki na chipsi.
Akatembea kama kuku aliyefungwa miguu.
Hatua ya tisa, chini.
Tumeziweka kabatini
kando ya kombe lisilo na jina la mshindi.

Tecwyn alitaka pipa la kuvuta, lenye miiba,
pauni themanini, linamalizwa na chai.
"Tundu ni tundu," akasema.
Si kweli, Tecwyn.
Mwiba hautoi kitu. Unasukuma huku, unabana kule,
kama mtu mnene anapoingia kwenye lifti iliyojaa
na hakuna aliyeshuka.
Kutoboa si kutoa.
Mimi ni mweka hazina, najua tofauti.

Nikataja mashine ya kukodi, ya meno ya bomba,
uzito wa ndama, pauni tisini na tano kwa siku:
inauma udongo, inautapika nyuma yake.
Wakanyamaza, kila mtu akiangalia mfuko wake
ingawa fedha zilikuwa kwenye mkebe wangu.

Ndipo Eluned, mwenye miaka themanini na mmoja,
akatoka bandani na uma wa baba yake,
meno mawili tu, matupu kama filimbi.
Akaukanyaga pale pale penye ngo,
akautikisa, akauvuta.
Kikadondoka kipande kama kinyesi cha bata bukini.
Akakilaza mezani, juu ya karatasi ya mabao.

Nyasi.
Mizizi, mifupi kama ndevu za kijana.
Mchanga tuliomwaga mwaka ule wa ukame.
Halafu weusi.

Hakuna aliyeuliza ni nini.
Wachimbaji walibeba taka za mgodi kwa makarai
baada ya kazi, usiku, wakikohoa,
wakazisawazisha kwa kamba na ubao,
ili bonde hili, ambamo hata chai huinama kikombeni,
liwe na mahali pamoja palipo sawa.
Hefin alikigusa kile kipande kwa kucha.
Babu yake alikufa ameketi,
maana akilala, pumzi ilikuwa haifiki.

"Meno mafupi, basi," akasema Tecwyn, polepole.
"Tusiwaamshe."
Lakini meno mafupi yanaishia kwenye mchanga,
na maji yatakaa juu ya weusi ule ule,
na bata watatuletea vifaranga.
Tulibishana hadi birika likapoa.
Eluned ndiye aliyesema, akifuta uma kwa aproni:
"Walitaka tucheze.
Hawakusema tuogelee."

Jumamosi tulikodi meno marefu, ya inchi nne.
Mashine ilinguruma, ikatuvuta sisi badala ya sisi kuiongoza,
na nyuma yake kijani kikajaa vipande vyeusi,
maelfu, vyenye unyevu, vinang'aa.
Tuliviacha vikauke siku mbili.
Kisha tukafagia, tukajaza magunia kumi na saba,
na hakuna aliyeyapeleka jalalani.
Eluned alichukua mawili kwa vitunguu vyake.
Hefin alichukua moja. Hakusema la nini.

Leo bisibisi imezama karibu yote.
Pale katikati bado inasita kidogo, halafu inakubali.
Bata mmoja ameondoka.
Zimebaki pauni za mchanga wa kujazia matundu,
na Tecwyn, Mungu amsaidie,
bado anataka pipa.